Wengi ni Wangapi?

Sudi, kumi ya mwezi wa mfungo tano

Kwa mwanangu Yahya, aliye Tanga. Salamu nyingi, na baada ya salamu, salamu tena. Mimi mjomba wako ni mzima, ila goti. Mkeo na watoto hawajambo? Huku mihogo imekubali, tunashukuru.

Nakuletea habari ya gazeti lenu: watu wengi sana waliokimbia vita vya Maji Maji wamerudi kulima Milola. Ipigeni chapa, na jina langu liwe kubwa.

Habari ya pili ni ya nyumbani. Inasemekana dada yako Mwahija, tuliyemwoza huko Tingi, alikufa njiani kwa njaa mwaka ule wa vita. Tumengoja vya kutosha. Nataka tumsomee hitima. Mbuzi nimekwisha mnunua, nangoja neno lako tu.

Mjomba wako,
Maftaha

Tanga, 2 Aprili 1908

Mjomba, shikamoo. Sisi wazima, mke wangu anakusalimu. Pole ya goti.

Habari ya Milola sikuipeleka chapani, usikasirike. Kazi yangu ni kusoma barua za habari za kila mji kabla hazijapigwa chapa, na kuna maneno nikiyaona tu mkono unaniwasha. "Watu wengi sana": wengi ni wangapi, na aliwahesabu nani? "Inasemekana": kasema nani? Tena salamu zako zimetangulia. Gazetini hutangulia habari: nani, wapi, lini. Salamu mwisho, nafasi ikibaki.

Na hiyo "inasemekana" ya Mwahija imenikaa kooni. Nani alimwona? Nani alimzika, na kaburi liko wapi? Nampenda dada yangu, siwezi kumzika kwa maneno ya njiani. Hitima ingoje.

Mpwa wako,
Yahya

Sudi, ishirini ya mwezi wa mfungo sita

Marahaba, mwalimu wangu! Salamu zangu naziweka palepale juu, upende usipende. Kwetu barua isiyoanza na salamu ni ya msiba. Mama yako alipofariki ndivyo nilivyokuandikia, umesahau?

Aliyesema ni Likwata, muuza chumvi. Nimembana: yeye kasikia kwa mpagazi, na mpagazi kasikia kwa watu. Hapo nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Milola nitakwenda mwenyewe, nihesabu nyumba moja moja, tuone utasema nini tena. Mbuzi wa hitima yupo, anatafuna majamvi yangu.

Mjomba wako,
Maftaha

Tanga, 30 Juni 1908

Mjomba, shikamoo. Watoto hawajambo. Miezi miwili sasa sijapata barua yako. Nilitaka habari, sikutaka uugue njiani kwa ajili ya ujuaji wangu. Kama goti limekataa, andika "watu wengi sana", nami nitaipeleka hivyohivyo. Nina hofu.

Mpwa wako,
Yahya

Sudi, 9 Julai 1908

Mwahija binti Athumani yu hai. Ameonekana Milola, Jumatatu tarehe 6 Julai, na mjomba wake Maftaha, kwa macho yake mawili.

Goti liliningojesha hadi mvua zikaisha. Kaya zilizorudi ni kumi na saba. Nilikwenda mlango kwa mlango nikiuliza majina. Kwenye nyumba ya kumi na mbili palikuwa na mwanamke anamenya mihogo, kanipa mgongo. Nikauliza, "Jina lako nani, mama?" Akajibu hata hajageuka, "We mjomba, leo hunijui?" Nikakaa chini mavumbini nikalia, mzee mzima.

Mumewe alikufa vitani. Ana binti wa miaka mitatu, Kidawa, mbishi kama wewe. Hakurudi Sudi kwa kuwa alisikia sisi sote tumekwisha. Kamwambia nani? Inasemekana!

Salamu ndizo hizi, mwisho, kama mnavyotaka.

Mjomba wako,
Maftaha

Tanga, 27 Julai 1908

Mjomba, shikamoo, shikamoo, na tena shikamoo. Barua yako niliifungua mbele ya wenzangu, nikaona haina salamu juu. Nikaikunja palepale. Wakaanza kunipa pole. Ilifika alasiri ndipo nikapata moyo wa kuisoma, nikalia na kucheka pamoja, wakadhani nimerukwa na akili.

Habari ya Milola imepigwa chapa, kaya kumi na saba, jina lako chini. Sikukata neno. Lakini barua unazoniandikia mimi, mjomba wangu, anza na salamu, hata zijaze kurasa kumi.

Yule mbuzi mchinje. Mnofu wa kwanza mpakulie Mwahija, kwa mkono wako.

Mpwa wako,
Yahya