Mwambie Mnunuzi Gari Halipo

Baba Watoto,

Mnunuzi wa vyuma chakavu uliyemwita akija, mwambie ~~asubiri~~ arudi alikotoka. Mboga ziko jikoni, zipashe moto.

Ulipoitoa ile kompresa ya AC iliyokufa, uliupitisha mkanda upande usiofaa wa pampu ya maji, ikawa inazunguka kinyume. Ndiyo maana injini ilichemka. Asubuhi nimefunga mkanda mfupi zaidi na kuupitisha upya. Gari limenguruma saa nzima bila kuchemka, ingawa nilipokuwa nikilitengeneza uliniita kutoka dirishani, “Mama Watoto, hilo limekufa, lizike!” Watoto wakacheka.

Basi, hiyo maiti yako inampeleka mama yako kliniki. Nilitaka kumwitia teksi, akakataa. Amekwisha kaa mbele, anapiga honi nifanye haraka.

Mama Watoto