Kichala cha Kwanza Nimekila Mwenyewe

Mama Neema,

Heri ya mwaka mpya. Huko uliko huenda hawahesabu miaka, lakini hapa Dodoma, mtaani Area D, majirani wamegonga masufuria na mabati mpaka kuku wamechanganyikiwa, hawajui kama wawike au walale. Nimekaa barazani, kwenye kiti changu kilekile, na chai ya tangawizi iko mezani. Vikombe viwili. Jana Neema alinipigia simu kutoka Mwanza, akaniambia, "Baba, usianze mambo ya kuweka vikombe viwili, utaumia." Nimeviweka. Kama ni kuumia, basi niumie nikiwa na chai.

Leo ni siku yetu ya kupangiana malengo, na sikuona sababu ya kuiahirisha eti kwa kuwa wewe umekufa.

Unakumbuka ilivyoanza. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu kila mtu alijipangia ya kwake. Mimi nilisema nitajenga, nitanunua pikipiki, nitaacha sigara. Wewe ukasema utafuga kuku wengi, utajiendeleza masomo, utaamka alfajiri kusali kila siku ya Mungu. Ilipofika Pasaka hatukuwa na hata kifaranga. Ukacheka, ukasema, "Mtu akijipangia mwenyewe ama hujipendelea ama hujionea. Mwakani nitakupangia mimi, na wewe unipangie." Ikawa sheria ya nyumba hii. Asubuhi ya mwaka mpya, wakati wa chai, kila mmoja anampangia mwenzake lengo moja. Liwe dogo, liwe la humu humu nyumbani. Aliyepangiwa haruhusiwi kukataa. Kulalamika anaruhusiwa, lakini kikombe chake kikiisha, malalamiko nayo yameisha. Ndiyo maana mimi nilikuwa nakunywa chai polepole kama mgonjwa.

Ulinipangia niache kula nimesimama. Ulinipangia nijifunze kumwamkia mama yako kwa Kisandawe, nami nikashinda mwaka mzima nikigonga ulimi kwenye kaakaa kama mtu anayeswaga punda, mpaka mama yako mwenyewe akanionea huruma: "Mkwe, sema tu shikamoo, inatosha." Wewe ulikuwa umeshika mlango ili usianguke kwa kicheko. Mimi nilikupangia usisahihishe madaftari Jumapili. Nikakupangia pia ile ndoo ya maji niliyokuwa nakuanikia juani tangu asubuhi uiogee wewe, usiwape watoto wa jirani. Mwalimu mzima unaoga maji ya baridi mwezi wa saba, katika upepo huu wa Dodoma unaokata masikio, kwa sababu kuna mtoto wa mtu ana mafua! Lengo hilo ulilitimiza kwa shida, na najua ulikuwa unaiba.

Mwaka jana ulinipangia kukaa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimestaafu kazi ya mifugo, sina ng'ombe wa kuchanja, nazunguka uani natafuta cha kukosoa. Ukaniambia, "Baba Neema, kila jioni ukae hapa barazani mpaka kikombe kiishe. Bila redio, bila simu, bila kuwaza ng'ombe wa mtu." Nilikujibu kwamba hilo si lengo, ni adhabu. Halafu nikakulipiza. Nikakupangia kwamba kichala cha kwanza cha zabibu zako ukile mwenyewe, chote, bila kumgawia mtu hata punje.

Ulinuna wewe! Ule mzabibu uliupanda kwa mkono wako, ukaujengea kichanja hapa mbele ya baraza, watu wakasema hauwezi kuzaa uani kwenye mabaki ya saruji. Ukazaa. Na kila msimu kichala cha kwanza ulimpa aliyetangulia kupita. Kuna mwaka alikipata mchungaji, sawa, hilo naweza kulielewa. Lakini kuna mwaka alikipata msoma mita ya maji. Alikuja kusoma mita akaondoka na zabibu. Wewe hukuwahi kujua kichala cha kwanza kina ladha gani, na hiyo ndiyo niliyotaka uijue.

Mwezi wa pili ukafa. Asubuhi presha ilipanda, jioni nikarudi nyumbani na kanga yako mkononi. Sisimulii zaidi ya hapo, ulikuwepo.

Zabibu zilikuwa bado kijani, chachu kama ukwaju. Watu wa msiba walikaa chini ya kichanja chako, na watoto wao wakachuma, wakang'ata, wakatema. Sikuwakataza, maana wewe ungewagawia. Lakini nilipoinua macho siku ile tuliyoanua matanga nikakuta kichanja kitupu, nilikasirika kuliko nilivyokasirika makaburini. Niliona hata hili tumenyang'anywa. Kifo kilikuwa kimekuchukua wewe, sawa, kina nguvu. Sasa na kichala kimoja cha zabibu kilikitakia nini?

Siku hiyohiyo dada Dorka akanikalisha. Unamjua dada yangu, hakuombi ushauri, anakuletea uamuzi. Akasema nirudi Haneti, nikae kwenye boma lake, nyumba hii tuwapangishe hawa watu wa wizara waliohamia. "Mwanaume mtu mzima hawezi kukaa peke yake anajikorogea mlenda. Watu watasema hana ndugu." Wote wakatikisa vichwa. Nikamwambia, "Dada, nitakujibu zabibu zikiiva." Walitazamana. Walidhani ni majonzi yanasema, wakaniacha kwa huruma. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu, nilikuwa nahesabu msimu wa pili, maana mzabibu wa Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka.

Basi nikabaki, na jioni ikafika, na lengo lako likanikodolea macho. Kukaa. Ulinipangia kukaa ukiwa kwenye kiti cha pili, kisha ukaondoka ukaniachia kiti kitupu. Nikuambie ukweli, nilikuchukia kidogo. Jioni ya kwanza nilikunywa chai kwa mafunda matatu nikaunguza ulimi ili niinuke haraka. Ya pili nililia, na chai ikaingia chumvi. Sikukaa kwa kupenda, nilikaa kwa ubishi. Kila mtu alikuwa ananiambia niondoke, ndugu, jirani, mpaka wewe mwenyewe kwa namna yako ulikuwa umeondoka. Mtu mmoja katika nyumba hii alipaswa kubaki, na huyo ni mimi.

Halafu, sijui lini, nikaanza kuona. Kumbe upepo wa hapa hutulia jua likigusa ukuta wa jirani. Kumbe sakafu ya baraza ukiivulia viatu saa kumi na mbili bado ina joto la mchana, lakini chumbani ni baridi, na kutoka huku kwenda kule ni raha tupu kwa nyayo za mzee. Kumbe jirani wa nyuma hukaanga karanga kila Ijumaa. Miaka yote hiyo nilikuwa porini na sindano na majokofu ya chanjo, nikifika hapa kumeshakuwa giza. Nimeishi kwenye nyumba hii kama mgeni wa usiku, na wewe ulikuwa unajua nilichokuwa nakikosa. Ile ndoo ya juani naiogea mimi sasa. Mlenda nimejifunza kuupika, ingawa karanga naziunguza. Watu wawili watatu wamenisikia nikiimba bafuni, wakasema mgane huyu kasahau mapema. Wanataka niteseke ndipo waamini kwamba nilikupenda. Sitawapa nafasi hiyo. Nilikupenda, na naimba.

Mwezi wa tano mzabibu ukawa kichaka. Hapa Dodoma mtoto mdogo anajua, mzabibu usiopogolewa utakupa majani ya kuangalia. Nilijua, lakini sikuweza. Matawi yale uliyafunga wewe kwa vipande vya kanga yako ya zamani, na mafundo yako yalikuwa bado yamekaza. Mimi niliyekata pembe za mafahali Haneti nzima bila mkono kutetemeka, nikashika mkasi nikaurudisha dukani kwa jirani aliyeniazima. Nikaenda tena kuuazima. Nikarudisha tena. Mara ya tatu akaniambia, "Mzee, kaa nao tu." Nikakata kila tawi la kukatwa. Mafundo yako sikuyafungua, yako pale mpaka leo. Mti ukabaki kisiki cha aibu, na kila siku nikaumwagia maji ya kuoshea vyombo, maana bomba letu unalijua, linakuja linapojisikia.

Mwezi wa tisa zikaiva. Nyeusi, zina vumbi, zimejaa. Dada Dorka akapiga simu: "Zimeiva?" Sikuweza kumdanganya mkubwa wangu. Kesho yake akashuka kwenye basi na unga wa uwele na kuku, na alikuwa ameshaongea na mwenye pikapu kule kwao aje kubeba vyombo vyangu. Nikamwamkia, nikamkaribisha. Akaja moja kwa moja akakalia kiti chako. Sikumwinua.

Nilikata kichala cha kwanza. Nikakiosha, nikakiweka kwenye sahani yako ya bati yenye maua, nikakaa. Dada akanyoosha mkono kama ilivyo haki ya mgeni. Nikavuta sahani.

Mama Neema, unajua nilichofanya. Kwetu Ugogoni hata mtoto anayejifunza kutembea haweki kitu mdomoni mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Na mimi, mwenye mvi, mzee wa kanisa, nikamvutia sahani dada aliyenibeba mgongoni. Akasema, "We Yona, umerukwa na akili?" Nikamjibu, "Dada, nisamehe. Hiki si changu. Ni cha mke wangu, namlia." Nikaanza kula punje mojamoja, yeye akinitazama, na kufumba na kufumbua mashavu yangu yalikuwa yamelowa, lakini sikuacha.

Sasa nikuambie ladha yake, maana ni haki yako. Ganda lina uchachu kidogo, ndani tamu mpaka meno yanashtuka. Punje moja ilikuwa na mchanga, sikuiosha vizuri. Zile zilizojificha upande wa ukuta ndizo tamu kuliko zote, na naamini hizo ndizo msoma mita alizozifaidi. Nilikula mpaka kikabaki kikonyo.

Kisha nikanyanyuka, nikakata kichala cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, nikampa dada kwa mikono miwili. Akala. Mbegu alikuwa anatemea kiganjani, hakutupa hata moja. Akaangalia kichanja, akaangalia mafundo ya kanga, akaangalia ndoo iliyokuwa juani. Alivyomaliza akasema, "Kumbe unaishi humu." Basi. Akatoa simu akamwambia mwenye pikapu asije. Alikaa na mimi wiki nzima, na alipoondoka lawama yake ilikuwa moja tu, kwamba mlenda wangu hauna chumvi.

Kwa hiyo lengo lako la mwaka jana limetimia. Usiniulize kwa kanuni gani. Limetimia, mimi ndiye niliyekupangia na mimi ndiye ninayesema.

La kwangu silibadilishi. Nitakaa, jioni hii na zote zitakazokuja, na kila msimu kichala cha kwanza nitakulia hapa barazani, apite mchungaji, apite msoma mita, apite nani. Cha pili ndicho nitakigawa, kwa mkono wako wa ukarimu. Hiyo ni ahadi. Nimelalamika kidogo, na kikombe changu kimeisha.

Sasa la kwako.

Enzi zile nikitoka kazini Haneti pikipiki imeniharibikia njiani, nakukuta mezani, sahani mbili zimefunikwa, ugali wako hujaugusa. Maisha yetu yote. Nami nasema, "Kawia ufike," na wewe unajibu, "Methali haishibishi, nawa mikono." Hukuwahi kula kabla yangu hata siku nilipolala porini. Na tangu ufe kila anayekuja kunifariji ananiambia kitu kilekile, kwamba mkeo anakusubiri huko. Wanadhani wananipoza. Mimi nakuona tu umekaa mbele ya sahani mbili, chakula kinapoa.

Lengo lako la mwaka huu ni hili: usinisubiri. Nina mzabibu wa kupogoa, nina ndoo ya kuanika, nina mlenda wa kuutia chumvi. Nitachelewa sana, na safari hii nachelewa kwa makusudi. Sahani yangu ifunike. Yako uile ingali ya moto.

Najua utalalamika. Kikombe chako kilikuwa kimejaa, nikakuachia muda wote huu niliokuwa naandika. Kimepoa. Nimekivuta, nimekinywa chote mpaka tangawizi ya chini, na sheria ya nyumba hii unaijua, uliitunga mwenyewe.

Nawa mikono, Mama Neema. Kula.

Mumeo,
Baba Neema