Nusu ya Kidonge

Kwa Mama Nyanzala,
Makanyagio, Mpanda.
14 Agosti 1995

Mpendwa kaka yangu Celestin,

Amahoro, musaza wanje, amani iwe nawe kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kapalamsenga, wewe na wifi Aline na watoto, na kikohozi cha yule mdogo kiwe kimekwisha. Usicheke mwandiko, naandikia juu ya goti kwenye benchi la hospitali. Sixte anakuja huko kesho kufuata samaki, nimemwambia akupe mwenyewe mkononi. Siku zote nakuandikia kwamba sisi huku hatujambo. Safari hii siwezi. Baba ameanguka.

Yuko hai, usianze kulia mbele ya watu. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, nyumbani Katumba, anaziba pancha pale barazani kama kawaida yake. Nikasikia spana imedondoka. Nikamwona anainama kuiokota, mkono wa kulia haukubali, anautazama kama wa mtu mwingine. Nikamwita. Akanigeukia na mdomo umekwenda upande, na maneno yanatoka hayaeleweki. Nilipiga kelele, kaka, sijui hata nilisema nini. Aliyekuja mbio ni Mzee Makarius, jirani yetu. Alimkalisha kwenye keria ya baiskeli, mimi nikamshikilia kwa nyuma hadi barabarani, tukapata lori la mbao.

Hapa walimpima wakakuta presha mia mbili na kumi, ya chini mia na ishirini. Daktari anasema ni mshipa wa kichwani, na kwamba siku hizi za mwanzo ndizo za kuogopa kwa sababu inaweza kurudi. Tangu aseme hivyo sijala nikashiba. Baba akisinzia namwekea kiganja kifuani kuhakikisha moyo unagonga, halafu nikishausikia naanza kuhofu unagonga mno. Mguu wa kulia umeanza kucheza kidogo, mkono bado kabisa.

Sasa nikueleze ilivyoanza, maana hili tulikuficha. Mwezi wa nne nilimleta hapa kwa ajili ya macho, wakampima, wakamkuta na presha. Nesi mmoja, Sista Skolastika, alipojua ni fundi baiskeli alikaa naye akamweleza kwa lugha ya kazi yake. Alimwambia moyo ni nyama yenye ukubwa wa ngumi yako, upande mmoja unasukuma damu mapafuni ikachukue hewa, upande wa pili unaisukuma mwili mzima, kutwa kucha, haujui Jumapili. Presha ikikaa juu, moyo unapampu kwa nguvu mno na mishipa inachoka kama tyubu iliyojazwa kupita kiasi. Haipasuki siku ile ile, inangoja pale palipolegea. Baba alifurahi sana, akaanza kumfundisha sista namna ya kujua kiraka kibovu. Akaambiwa apunguze chumvi, aache kiko, atembee badala ya kukaa barazani tu, na ameze kidonge kimoja kila siku hata kama hasikii lolote, maana ugonjwa huu haupigi hodi.

Hapo kwenye ‘hata kama hasikii lolote’ ndipo tuliposhindwa. Chumvi nilipunguza mimi jikoni, yeye akaongeza mezani kabla hata ya kuonja. Wale samaki wako migebuka wa chumvi nikawaloweka, akanuna siku mbili kwamba nimeosha mapenzi ya mwanawe. Tafadhali usilete tena wa chumvi, leta waliokaushwa kwa moshi.

Na vidonge! Unamjua baba, hajawahi kutia kitu mdomoni mbele ya mgeni bila kumgawia. Kwake ni kama pombe ya mtama, chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Basi mgeni akimkuta na maji ya dawa mkononi, akasema naye kichwa kinamgonga, anapewa kimoja. Yule aliyeleta baiskeli kukazwa breki, kimoja. Vidonge thelathini vya mwezi mzima vikawa vinaisha siku ya kumi na nane, na siku zilizobaki baba anakaa hivi hivi. Nikimgombeza ananiambia hajisikii vibaya, na mtu hawezi kula peke yake kama mbwa.

Nilikasirika, nawe unaijua hasira yangu. Mwezi uliopita nilimsimamisha Mzee Makarius kisimani, mbele za watu, nikamwambia anakula uhai wa baba yetu. Mzee wa watu alijitwisha ndoo yake akaenda, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu mpaka Alhamisi nilipopiga yowe.

Kaka, kaa chini kama umesimama.

Makarius alipewa viwili tu. Na vya wale wengine wote, kwa miezi yote, havifiki kumi. Vilivyobaki nilimeza mimi.

Siku ile ya mwezi wa nne nililalamika kwamba kisogo kinauma, Sista Skolastika akanipima na mimi. Mia na themanini. Akaniandikia cheti, akasema nirudi kesho yake nimwone daktari, nianzishiwe dawa zangu. Nilikikunja nikakiweka ndani ya Biblia, sikurudi. Wiki ile ile ndipo watu wa Jean Bosco walipotuma neno kutoka Mishamo kwamba wanataka kuja kuniposa. Nina miaka thelathini na minne, Celestin. Niliwaza, wakisikia nina ugonjwa wa moyo watasema huyu hatazaa, hatashika jembe, watageuza. Basi nikawa nakwenda kwenye mkebe wa baba, leo kimoja, keshokutwa kimoja, nikijua vikiisha nina wageni wa kuwasingizia. Asubuhi ya Alhamisi mkebe ulikuwa mtupu kwa siku ya saba. Cha mwisho nilikimeza mimi.

Nilidhani hajui. Jana sista alimpa dawa, akamwekea kidonge kwenye kiganja cha kushoto. Baba alikitazama, akakitia menoni kwa shida, mate yanamtoka, akakikata. Nusu akaimeza. Nusu, imelowa, akaninyooshea mimi. Sista alicheka kwa huruma, akasema wagonjwa wa namna hii akili huchanganyika. Haikuchanganyika, kaka. Alinitazama usoni na mkono ule haukushuka mpaka nikapiga magoti.

Pale pale nilimwambia sista yote. Alinigombeza mbele ya wodi nzima, halafu akampa baba nusu nyingine, akanishika mkono hadi kwa daktari. Sasa nina dawa zangu kwa jina langu.

Kwa hiyo nakuomba mambo. Uje haraka, lakini kabla hujapanda gari pitia zahanati upimwe, maana daktari anasema hii hutembea katika familia, na wewe na tumbaku yako na samaki wako wa chumvi unanitia hofu. Ukifika nenda kwanza kwa Makarius ukaniombee radhi, kwa sababu mimi nimejaribu kwenda mara mbili nikaishia uani hapa kwa Mama Nyanzala. Halafu wewe ndiye utakayepokea mahari, basi uwaambie watu wa Jean Bosco ukweli. Wakigeuza, wageuze. Daktari anasema nikimeza dawa ninaweza kuolewa na kuzaa chini ya uangalizi wa hospitali, lakini sijui watu hao watasikia lipi.

Baba naye anakusalimu. Hawezi kulitamka jina lako vizuri, anafika katikati anachoka. Mama Nyanzala, huyu Msukuma anayenilaza bure, anawasalimu, na wifi mwambie unga wa muhogo aliouomba upo. Watoto wabusu wote.

Sista anapita sasa na dawa za jioni. Nakwenda kukaa karibu na baba, nimwonyeshe changu kwanza ndipo ameze chake kizima.

Ni mimi dada yako,
Spès