Mkate Uliopinduliwa Mezani Petu

Duka la Onofrio Tagliavia,
Soko la Ballarò,
Palermo.
17 Machi, 1972

Mpendwa Baba Mdogo Calcedonio,

Ndugu yangu wa damu na mwenzangu katika safu ya wavuja jasho, pokea shikamoo kutoka nyumba ulimozaliwa. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la mgodi wa makaa ya mawe huko Ubelgiji? Mama Mdogo Ninfa amepona goti? Sisi tu hai, na neno hilo nimelichagua kwa makusudi.

Unaijua kampuni inayotaka kubomoa upande wetu wa soko ili ijenge maduka ya vioo. Hati ya duka ina majina mawili, la Baba na lako. Pasipo sahihi zote mbili hawawezi kugusa hata tofali moja. Jumanne waliifuata ya Baba.

Ilikuwa saa saba mchana. Wapagazi walikuwa wamebanana kwenye meza ndefu, wakila soseji kavu, zeituni na jibini la kondoo, naye Mama akiwakatia mkate. Wakaingia wanaume watatu, nyuso zimefungwa vitambaa, nondo mikononi. Mpagazi wa kwanza kuinuka alipasuliwa kichwa kabla hajameza tonge.

"Tia sahihi, mzee, tuwaache watu wale," alisema kiongozi wao.

"Karatasi hiyo kafungie dagaa, kijana," Baba akamjibu. "Mimi jibini langu nina karatasi safi."

Nondo ikashuka juu ya mkono wake uliokuwa kwenye kaunta. Nilisikia mifupa ikivunjika, Baba Mdogo, bado naisikia. Kisha yule mshenzi akautwaa mkate mzima, akaubamiza mezani juu chini, kama ulivyokuwa ukiwekewa mnyongaji zamani, mkosi ambao kwetu hata mtoto anauogopa.

 Na hapo, yule wa tatu, aliyekuwa mlangoni akizuia watu, akasogea kana kwamba amevutwa kwa kamba. Akaugeuza mkate ukakaa sawa, akateremsha kitambaa chake, akaubusu. Kosa hilo la kujifichua angelitenda tu mtu wa hapa, aliyefunzwa tangu utotoni kuuheshimu mkate.

"Ala! Melchiò!" Mama alipaza sauti. "Mwana wa Provvidenza muuza konokono! Mkate unaubusu, mzee wa watu unamvunja? Mdomo huo nimeulisha mimi, mbwa we!"

"Mama Agata, nisamehe, waliniambia tunatisha tu..."

Hakumaliza. Kiongozi alimgeukia na kumvunja mtulinga kwa nondo. Nami nikatwaa jiwe la mizani la kilo mbili, nikampiga kiongozi huyo kisogoni. Akaanguka, nikampiga tena. Soko likaingia na kulabu za nyama. Aliburutwa hadi kwenye barafu ya samaki, na barafu ikawa nyekundu. Yule wa pili alikimbia akaacha kiatu. Kiongozi yu hai hospitalini. Sijui kama ninafurahi.

Chuoni nimetoa hotuba ngapi kuhusu nguvu ya umma! Sikuwahi kuwaambia wenzangu kwamba nguvu hiyo inanuka damu na siki, wala kwamba harufu hiyo haitoki mkononi hata baada ya siku tatu. Lakini nakuapia, wakirudi, nitaliinua jiwe lile lile.

Melchiorre huyo sasa amelala chumbani kwetu. Mama anamlisha mchuzi kwa kijiko, kila kijiko na tusi lake. Ametueleza lililobaki: Jumatano ijayo mtu mwingine atapanda treni kuja kwako. Huyo hatakuja na nondo. Atakuja na keki ya hapa nyumbani, atakusalimu kwa lugha yetu, atakuonyesha sahihi ya Baba. Ni ya kughushi! Vidole vitatu vya Baba viko kwenye plasta. Hawezi kushika hata kijiko. Baba Mdogo, usitie sahihi. Ukitia, walichokosa kwa damu watakipata kwa wino wako.

Nisalimie Mama Mdogo Ninfa, binamu Rosolino na mdogo wake Itria. Mungu akupe pumzi ndefu kuliko ya hao wanaotunyima yetu.

Wako akupendaye, asiyejuta,
Crocifissa

Mkutano wa soko ni Jumamosi, tarehe 25, saa nne asubuhi, mlangoni petu. Melchiorre atamtaja aliyewatuma. Baada yake litaitwa jina lako, useme kama unauza au unakataa. Tuma simu ya maandishi, hata ya neno moja, nami nitalisoma mbele ya watu wote.