Makochi ya Kuazima Yametunyima Unga

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana nimefanya jambo ambalo hata kulisema peke yangu chumbani naona haya.

Mimi nilikuwa mshona kola katika kiwanda cha nguo na mume wangu fundi wa mashine hapohapo, kiwanda kimefungwa huu mwaka wa pili, uchumi umeanguka na nusu ya mtaa hawana kazi, tumeuza meza, tumeuza redio, tumeuza kabati, tumebaki na vitanda viwili na mkeka na watoto watatu, basi serikali ikaleta mpango wa unga na mafuta kwa wasiojiweza, tukajiandikisha, tukaambiwa wakaguzi watapita nyumba kwa nyumba waone hali zetu kwa macho. Sasa mshauri, mimi nimelelewa na mama aliyesema mgeni haketishwi chini, na niliposikia wanakuja watu watatu na mafaili yao, pamoja na karani wa mtaa ambaye ni binti niliyemfundisha mwenyewe kushika sindano, nikajiuliza hawa wataingia wakae wapi, nikaenda kwa jirani yangu Mama Pacha kumwomba makochi, akacheka akasema, "Shoga, chukua, hata pazia chukua, ila yakirudi na doa tutajuana," tukayabeba mimi na yeye, mume wangu ametoka kutafuta kibarua, hajui hili wala lile.

Wakaja, wakakaa, mmoja akasema, "Mama, kwako pazuri," nami kichwa kikavimba, nikajibu, "Tunamshukuru Mungu, hatukosi." Hatukosi! Asubuhi ile watoto walikuwa wamekunywa maji ya moto na chumvi. Karani akanitazama akaniuliza taratibu, "Mama, una hakika?" nikamwambia, "Wewe andika tu, mwanangu." Akaandika. Wakatoka wakaingia kwa Mama Pacha, wakakuta chumba kitupu na mumewe kitandani na nyonga iliyovunjika, na majina yalipobandikwa lake limo, letu halimo, wala simlaumu, maana kila wiki ananipitishia bakuli la unga chini ya kanga, na mume wangu akiuliza namwambia nimefua nguo za watu.

Mume wangu ameapa kwamba karani kala rushwa. Amezunguka mtaa mzima akikusanya saini, Jumamosi ni mkutano na mkubwa wa mpango atakuwepo, wamekubaliana jina la karani lisomwe mbele za watu afukuzwe kazi, na binti huyo ndiye anayemlisha mama yake. Karatasi ililetwa na kwangu. Mshauri, nilitia saini. Mume wangu alikuwa amesimama pale ananitazama, mkono ukaenda wenyewe. Nikisema kweli atajua wanawe wamelala njaa kwa sababu ya pazia la watu, nikinyamaza binti wa watu anaangamia, nami kila nikimwona njiani napita upande wa pili. Nifanyeje?

Mshona Kola

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mshona Kola. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, Mungu anisamehe. Mara ya pili sikucheka.

Pole, dada yangu. Hakuna mama anayependa watu waje kuchungulia sufuria yake tupu. Lakini wale hawakuwa wageni! Walikuja kuuona ufukara wako, wewe ukauvisha pazia. Mficha uchi hazai, na wewe ulificha mpaka kwa mkunga.

Wengi huniandikia wakiuliza kama misaada hii inafaa kitu au ni maneno ya majukwaani. Kwenu unga ulifika, na nyumba ya mgonjwa inapika. Hilo lazima tulikubali. Lakini kupima njaa kwa kuhesabu makochi ni upuuzi, na ninalisema mchana kweupe, kwa sababu kochi alilonunua mtu enzi za mshahara haliliwi leo. Wangeuliza watoto wamekula nini jana. Aliyekuuliza swali la maana ni karani peke yake, nawe ukamziba mdomo.

Halafu ukatia saini! Hapo umeniudhi kweli. Kujivuna nakusamehe, hata uongo wa kufua nguo nakusamehe. Kumsukuma mtoto wa mwenzio shimoni ili wewe usionekane umejikwaa, hapana.

Sasa sikiliza. Leo mumeo akirudi, mwambie kabla hajavua viatu. Anza na makochi, usizunguke. Atafoka, mwache afoke, ana haki yake. Mwambie na bakuli la unga lilikotoka, ajue nani amewalisha wanawe. Kesho asubuhi mwende wote wawili ofisi ya mtaa mkaombe kukaguliwa upya, kwa maandishi, na msitoke bila nakala yenye mhuri. Wakaguzi wakirudi, waketi mkekani kama mnavyoketi ninyi. Na karani akiwa ofisini, mwombe radhi hapohapo, mumeo akisikia.

Saini yako utaifuta, za wenzako huwezi. Kwa hiyo Jumamosi utasimama mkutanoni useme ulichofanya, kwa mdomo wako. Watakucheka, tena sana, na jina la utani utapewa. Usishangae baada ya siku chache wakaanza kuja mmoja mmoja kukuuliza maombi yanaandikwaje, maana si wewe peke yako uliyejibu "hatukosi".

Hapa kwangu umejificha nyuma ya kola, na ni haki yako. Karani hana pa kujificha. Jina lake litasomwa kwa kipaza sauti, na mama yake atakuwa amekaa palepale akisikia. Simama kabla halijasomwa.