Garth na Mechi Yake ya Kirafiki

Lorna, huyu mume wangu amenimaliza. Amenimaliza!

Jumamosi alisema anampeleka mwanetu Keegan ziwani kuvua samaki. Kumbe alimpeleka mji wa Moose Jaw, mtoto akaichezea mechi ya kirafiki timu ya ligi ya vijana ya hoki ya barafuni. MECHI, Lorna! Angefanya mazoezi tu, isingekuwa neno.

Kocha wa hoki wa chuo kilichotaka kumchukua Keegan kanipigia sasa hivi. "Mama Keegan, ligi ile hulipa posho; akishaicheza hata mechi moja, kwetu ni mchezaji wa kulipwa. Hatuwezi kumchukua tena."

Namuuliza Garth, anajibu huku anatafuna: "Chuo cha nini? Mimi nilipitia ligi hiyohiyo."

Alipitia! Akatoka na goti bovu, sasa anaendesha mashine ya kulainisha barafu uwanjani.

Eti, "Mwambie Keegan wewe, mnaelewana."

Nimemwita Keegan. "Kaa hapa, baba yako ana habari ya kukupa."

Garth kaacha kutafuna.