Mkeka wa Kwenye Kioo

Jumatatu, 3 Machi
Binti yetu kaondoka asubuhi kurudi shuleni anakofundisha, kaniachia kompyuta yake ya zamani. Ati nisikae bure! Miaka thelathini na moja nimetengeneza majokofu, mtaa mzima unaniita Mzee Friji, leo nafundishwa kutokaa bure. Kaweka humo programu ya kuchora. Kuna kamshale katikati ya kioo, wanakaita kasa. Unakaandikia amri – nenda mbele, geuka kulia, badili rangi – nako kanakwenda kakiacha mstari nyuma. Amri zote kanitafsiria kwenye karatasi, kaibandika ukutani.

Leo nimechora mraba. Mmoja. Jasho limenitoka.

Mke wangu hakugeuza hata shingo. Tangu kiharusi cha Desemba mkono wake wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Ulimi haukuguswa, ila hautumii. Mwanamke aliyekuwa akisuka mikeka huku anasimulia habari za mtaa mzima!

Jumanne, 4 Machi
Wenzake wa kikundi cha kusuka wamekuja tena, Mwenyekiti wao mbele. Mke wangu kanituma niseme hayupo. Hayupo, na viatu vyake viko mlangoni! Mwenyekiti akavitazama, akanitazama. Akasema kwa upole kwamba wamepata oda ya mikeka kumi ya nakshi ya almasi, ile ya mke wangu, na hakuna mwingine anayeijua. Wamejaribu, wameshindwa. Awaelekeze tu, hata kwa mdomo.

Nikapeleka ujumbe chumbani. Jibu: "Mimi sijafa bado, wameanza kugawana urithi?"

Nikarudi nikasema amelala. Mwongo mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo! Mkeka wa almasi tunao, umetandikwa kando ya kitanda. Nikiuhesabu na kuuingiza kwenye kompyuta, akina mama watapata mchoro wao na yeye hatasumbuliwa.

Dada yake alipompeleka hospitali kwenye mazoezi ya mkono, nikapiga magoti na rula. Kila almasi ina vijiraba ishirini na vitano: kumi na sita vyekundu nje, vinane vya njano ndani, kimoja cheusi katikati. Nikaandika kijiraba kimoja, kisha neno "rudia". Neno tamu hilo! Unasema mara moja, kasa anahangaika peke yake.

Nikabonyeza. Mstari ukapinda, ukapinda tena, ukajikunja kama mkia wa kinyonga. Nikampigia binti. Alicheka mpaka nikasikia wanafunzi wake nao wanacheka. "Baba, umeandika nyuzi tisini na moja. Ni tisini kamili."

Nyuzi moja! Kwenye friji nyuzi moja ni kitu gani?

Ijumaa, 7 Machi
Mistari imenyooka. Almasi sita kwa upana, ishirini kwenda chini. Nikajiona bwana mkubwa, nikaenda kuchemsha chai, nikasahau kufunika kompyuta.

Narudi – mke wangu kasimama mezani, kashikilia kiti kwa mkono wa kushoto.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

Nilitaka kumsingizia binti. Nikasema mimi.

"Mstari wa pili umekosea. Na wa nne. Yote ya shufwa imekosea! Hujarudi nusu."

Kurudi nusu ndiyo nini?

"Mstari wa pili unaanzia katikati ya almasi mbili za juu, unaingia pale zinapoachana. La sivyo unabaki na mapengo kama meno yako. Huo mkeka unaukanyaga kila siku, hujawahi kuutazama?"

Naukanyaga miaka ishirini. Kwa kweli sijawahi.

Maneno mengi kuliko ya miezi mitatu yote! Chai ilipoa, sikujali.

Jumapili, 9 Machi
Yeye anaamrisha, mimi nabonyeza. Sijawahi kuwa na bosi mkali hivi. "Shufwa rudi nusu. Witiri usiguse. Nimesema usiguse!" Baada ya saa mbili kioo kikajaa, pengo hakuna.

Akainamia kioo. Kisha, polepole: "Ndio wenyewe."

Machozi yakamtoka. Nikajifanya natafuta miwani. Nilipoipata nikamuuliza, niupeleke kwa Mwenyekiti? Akasema hapana. Mkono umekwenda, kusuka kumekwenda, hicho ndicho kilichobaki chake. Sikubisha.

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi nimemkuta kwenye kiti changu! Kidole kimoja cha kushoto, herufi moja moja. Akanifukuza nikatengeneze feni ya jirani.

Narudi – buluu! Kioo kizima. Buluu hajawahi kuisuka hata siku moja. "Kwenye ukili wa mkeka inachujuka," kasema. "Humu haichujuki." Almasi nazo kazikuza, vijiraba arobaini na tisa kila moja. Anacheka peke yake. Mimi nimekunywa chai yangu jikoni nimesimama, kama mgeni. Raha tupu.

Ijumaa, 14 Machi
"Mwambie Mwenyekiti aje kesho na wenzake. Ule wa zamani nitawapa."

Nikamuuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Kasema masikio yangu yanahitaji fundi.

Jumamosi, 15 Machi
Saa kumi alasiri. Wamefika, nawasikia nje wanavua viatu. Naandika haraka hapa pembeni ya meza.

Nimemwambia wamefika. "Nimewasikia. Wangoje." Kaniagiza viti vinne, si sebuleni, hapa mbele ya kioo. Nimeleta. Kaniagiza nimfunge kitambaa kichwani, mkono mmoja hautoshi. Nimemfunga. Kasema nimekaza kama bomba la gesi, nifungue, nifunge upya.

Hodi ya kwanza. Ya pili. Mwenyekiti anauliza kama waingie au warudi kesho. Mke wangu kakaa mbele ya kioo. Kidole kiko juu ya kitufe, hakishuki. Namwona anavyopumua. Nimemwambia taratibu, naweza kusema umelala.

Kanitazama kwa jicho – hilo jicho! Kabonyeza. Almasi zinashuka mstari kwa mstari.

Nainuka nikafungue – la, kaanza. Kwa sauti ya zamani, ya kusikika uani: "Sikilizeni! Mnaanza na kile cheusi cha katikati, halafu mnazunguka kwenda nje –"

Mlango bado umefungwa. Huko nje hodi zimekoma, na yeye haangalii mlango, anaendelea tu